Herodotus na Masimulizi ya Mbwaa: Deni la Mwanahistoria

Neno historia, ambalo Kiswahili hulitumia sambamba na tarikhi lenye asili ya Kiarabu, lilimaanisha uchunguzi katika Kiyunani cha karne ya 5 K.K. Maana hiyo ya awali ndiyo inayowafanya wanahistoria wa Uyunani ya kale wastahili kusomwa leo huko Meru na Embu. Historia kwao ilikuwa kazi ya kuuliza, na aulizaye huingia deni kwa anayemjibu. Swali linalozuka ni la kimaadili: mwandishi ana wajibu gani kwa msimulizi asiyemwamini?

Herodotus alilijibu waziwazi. Alishikilia kuwa wajibu wake ni kuyaeleza yasemwayo, wala hakulazimika kuyaamini yote. Kwa hiyo aliweka pamoja kauli za Waajemi na za Wamisri kuhusu Helen, ingawa zilipingana.

Masimulizi ya Wameru kuhusu Mbwaa yanadai msomaji wa namna hiyo. Yanaeleza kuwa wahenga waliishi kisiwani chini ya watu wa nguo nyekundu, wakatakiwa kutimiza mambo yasiyowezekana, mathalani kuunda mkuki wa kufika mbinguni. Walipotoroka, maji yaligawanyika mbele yao. Waliovuka usiku wakawa koo za Weusi, wa alfajiri Wekundu, na wa baada ya jua kuchomoza Weupe. Bernardo Bernardi aliyagusia masimulizi hayo katika kitabu chake juu ya Mugwe (1959). Jeffrey Fadiman, katika kitabu cha 1993, aliitafuta Mbwaa katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Wapo pia wanaosikia humo mwangwi wa Kutoka katika Biblia. Mitazamo yote miwili yahusu chimbuko la kisa, ilhali kisa chenyewe kinaeleza pia jinsi jamii ilivyojigawa na bado ikajiona moja. Anayekifuta kwa kuwa maji hayagawanyiki anafuta na ushahidi huo.

Thucydides alikuwa mkali zaidi. Alitambua kuwa walioshuhudia tukio moja hulieleza kwa namna tofauti, ama kwa upendeleo ama kwa kusahau. Hivyo alichuja, aghalabu bila kumtaja aliyempasha habari. Matunda ya uchujaji huo yanaonekana anapoeleza vita vya ndugu huko Corcyra mwaka 427 K.K., ambako hata maneno yaligeuka maana na busara ikaitwa woga. Mandhari hiyo si ngeni katika miteremko ya Mlima Kenya. Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 iliwakumba Waembu na Wameru pamoja na Wakikuyu. Mtu yule yule aliweza kuitwa gaidi na mpigania uhuru. Jirani yake, mwaminifu na msaliti. Marufuku dhidi ya Mau Mau haikuondolewa hadi 2003. Mchujaji wa miaka hiyo angemwacha nani nje?

Yaweza kujibiwa kuwa kupokea kila kauli ni kukwepa hukumu, na kwamba aliyetesa hastahili kiti kimoja na aliyeteswa. Pingamizi hili ni zito. Hata hivyo, linachanganya kuhifadhi na kuidhinisha. Kauli ya mtesaji isipoandikwa haiwezi kuhojiwa. Ya mteswa isipoandikwa haiwezi kuthibitishwa.

Mfano wa njia iliyo bora umo Embu kwenyewe. Mwaka 1973 H. S. K. Mwaniki alichapisha historia ya Embu na Mbeere hadi 1906, mwaka ambao Waingereza waliiteka Embu. Mwaka uliofuata alichapisha ushuhuda wa wazee kama matini za kujitegemea. Msomaji anaweza kuilinganisha hukumu ya mwandishi na maneno ya wazee, na kuikataa akiona sababu. Thucydides hakumwachia msomaji wake nafasi hiyo. Hivyo basi, mwanahistoria ahukumu kwa ukali wa Thucydides, lakini ahifadhi kwa ukarimu wa Herodotus. Kwani hukumu isiyoacha ushahidi wake nyuma humdhulumu msimulizi na msomaji pia.