Mgeni Mezani pa Watawa

Vijana wa usharika wakisikia kwamba niliwahi kujitolea kufundisha Kiingereza katika hekalu la watawa wa Kibudha kule Laos, swali lao la kwanza huwa lile lile: "Mchungaji, uliwahubiria?" Nalipenda swali hilo, maana linatoka kwa watu wanaoijali Injili. Na kwa kuwa somo la Jumapili hii ni Luka sura ya 10, pale Yesu anapowatuma wale sabini wawili wawili, leo nalijibu kwa kirefu.

Mji wenyewe ni Luang Prabang, kaskazini mwa nchi, mahali mto Nam Khan unapoingia mto Mekong. Zamani ulikuwa makao ya wafalme, na tangu mwaka 1995 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mahekalu yake yanazidi thelathini, na humo wanaishi wanovisi wengi, wavulana waliotoka vijiji vya milimani kwa wakulima wasio na uwezo wa kumsomesha mtoto mjini. Hekaluni mtoto anapata chakula, malazi na shule: hisabati na sayansi pamoja na mafundisho ya dini yake. Wazee wetu waliopitia seminari ndogo na shule za bweni za misheni hawahitaji kuelezwa zaidi. Mnovisi hushika amri kumi. Akitimiza miaka 20 anaweza kupewa daraja kamili la utawa, lenye kanuni 227, ingawa wengi huvua joho wakimaliza masomo na kurudi uraiani, wala hakuna anayewaona wameasi.

Ngoma ya hekalu hulia kungali giza. Kukianza kupambazuka watawa wanatoka peku kwa mstari mmoja, wakubwa mbele, wadogo nyuma, kila mmoja na bakuli lake limening'inia begani. Kando ya barabara watu wamepiga magoti na vikapu vya wali wa kunata, na kila mtawa anapopita wanamtilia tonge. Mtawa haombi wala hachagui. Wapo watalii wanaowasogelea watoto hawa na kuwamulika usoni kwa taa za kamera, jambo linaloniuma hadi leo, kwa sababu ile ni ibada yao. Lakini mimi nilikuwa nangoja mwisho wa mstari. Pale hukaa watoto maskini wa mitaani, nao wamepiga magoti, vikapu vyao vitupu. Mnovisi akifika anafungua bakuli, anachota katika kile alichopewa sasa hivi, anamtilia mtoto, anapita. Nilimtazama mmoja wa wanafunzi wangu, kama wa miaka 12, akiinama kufanya hivyo kwa uangalifu mkubwa, akimpa mwenzake wa rika lake riziki aliyoipokea hatua chache nyuma.

Na riziki yenyewe ni ya nusu siku tu, kwa sababu ikishapita saa sita mchana hawali tena mpaka kesho yake alfajiri. Darasa langu lilikuwa jioni, kabla ya sala zao, kwa hiyo niliwafundisha watoto wenye njaa. Somo la majina ya vyakula nililihamishia asubuhi.

Darasani nilivua viatu kama wote, na sikukaa mahali palipoinuka kuliko mtawa. Mimi ni mwanamke, na mtawa hagusani na mwanamke wala hapokei kitu mkononi mwake. Nikitaka kumpa mwanafunzi chaki niliiweka mezani, naye akaichukua. Waliolelewa mwambao, ambako mtu anaweza kukusalimu kwa mkono kifuani bila kukugusa, wataelewa kwamba hapo hapana dharau. Kijana ameweka nadhiri, na sisi tuliomo chumbani tunamsaidia kuitunza. Kiingereza chenyewe kilitutoa jasho sote. Wao humeza sauti ya mwisho wa neno, sisi Waswahili huongeza irabu, kwa hiyo mara nyingi tuliandika neno ubaoni, tukalitamka pamoja pole pole hadi likasimama. Walikitaka Kiingereza kwa shauku, kwani mji ule unaishi kwa wageni, na kijana anayeweza kuzungumza nao hupata kazi hotelini au ya kuongoza watalii, akaweza kumlipia mdogo wake shule.

Sasa turudi kwa Luka. Tunapolisoma somo lile tunakimbilia mavuno mengi na watenda kazi wachache, tunayaruka maagizo ya safari. Yesu aliwaambia waende bila mfuko, bila mkoba, bila viatu, wakae katika nyumba itakayowapokea, na wale walichoandaliwa. Hilo la kula amelitaja mara mbili katika aya chache. Aliwatuma watu wake wakiwa na shida ya kula na kulala, ili wategemee wema wa wenyeji. Eliya naye, katika ukame ule, hakulishwa na tajiri wa Israeli. Alipelekwa Sarepta, nchi ya watu wengine, kwa mjane mwenye konzi ya unga na mafuta kidogo. Katika makanisa yetu tumefundisha kutoa hata tumekuwa hodari wa harambee na ahadi. Kupokea hatukufundisha. Mtu anayetoa tu, asiyepokea kamwe, huanza kuwaona anaowahudumia kuwa wadogo kwake, na nimewaona watu wa namna hiyo katika utumishi.

Baada ya watawa kula, kilichobaki hugawiwa watu wa karibu na hekalu, nami nilikuwa mmoja wao. Nilikula wali uliotoka mkononi mwa bibi asiyemjua Bwana wangu, ukapitia bakuli la mtoto aliyeweka nadhiri mbele ya sanamu nisiyoiabudu. Najua kuna atakayenikumbusha mafundisho ya Paulo kwa Wakorintho juu ya vyakula vilivyotolewa kwa sanamu. Nimeyasoma sana. Wali ule walipewa watu wenye njaa, nami nikaula kwa shukrani.

Basi, niliwahubiria? Niliingia kwa ahadi ya kufundisha Kiingereza, na ahadi ni deni. Watoto wale walinitegemea kwa kitu walichokihitaji mno, na kumbana mtu kwa uhitaji wake ili abadili dini ni kumnunua. Lakini imani yangu sikuificha. Mvulana mmoja aliniona nimefumba macho kabla ya kula, akauliza ninafanya nini. Nikamwambia namshukuru Mungu kwa jina la Yesu. Akauliza kama huyo ninayemshukuru anasikia Kilao. Nikamwambia anasikia. Aliandika jibu langu kwenye daftari lake, akaniomba nimsahihishie tahajia.

Kijana anayetaka kwenda kujitolea namna hii nitamsaidia kwa moyo wote, ila akubali kukaa muhula mzima. Watoto wa mahekalu wamechoka na walimu wa wiki mbili, kila mmoja akianza upya na salamu na majina ya rangi. Mmoja wa wanafunzi wangu amevua joho na sasa anafundisha watoto kijijini kwao, na ameniandikia kuomba vitabu vya hadithi vya Kiingereza chepesi, hata vilivyotumika. Mwenye navyo nyumbani aviache ofisi ya usharika kabla ya mwisho wa mwezi, nami nitagharamia kuvituma.