Sokoni, Mezani na Kijiweni

SOMO LA 6

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Kut. 16:22–30, Law. 19:35, 36, Isa. 55:1, 2, Dan. 1:8–16, Luka 5:27–32, Rum. 14:13–19, 1 Kor. 6:12, 19, 20, 1 Kor. 10:23–33.

Fungu la Kukariri: 1 Wakorintho 10:31. Lisome katika Biblia yako, ulikariri, kisha ulirudie kila unapoketi mezani juma hili.

Mtume Paulo alikaa Korintho mwaka mmoja na miezi sita (Mdo. 18:11). Ulikuwa mji mkubwa wa biashara, wenye bandari mbili, na watu wa mataifa mengi walikutana pale wakauza, wakanunua na kula pamoja. Waraka aliowaandikia waamini wa mji huo unaonyesha kwamba hawakusumbuliwa na mambo ya ibada peke yake. Kapu la sokoni nalo liliwasumbua. Wanunue nini? Wale kwa nani? Na ndugu akiwaona, atajikwaa?

Mwamini wa Dar es Salaam hukutana na maswali kama hayo tangu alfajiri. Muuza kahawa anapita akigonganisha vikombe. Mama lishe amekwisha kuinjika chai na kukaanga chapati. Mchana kuna chipsi mayai, na jioni supu ya pweza inachemka kando ya barabara. Mwaka una Sabato 52, lakini mtu anayekula mara tatu kwa siku ana milo zaidi ya 1,000 kwa mwaka. Juma hili somo linauliza jinsi Mungu anavyotukuzwa katika milo hiyo, na jinsi jirani anavyojengwa kwayo.

JUMAPILI
Soko la Korintho

Soma 1 Wakorintho 10:23–33. Paulo anawapa waamini ruhusa gani kuhusu vitu vya sokoni? Anaiwekea mipaka gani?

Nyama nyingine iliyouzwa Korintho ilikuwa imetolewa kwanza sadaka kwa sanamu. Baadhi ya waamini waliogopa kuinunua, na wengine waliila bila kujali dhamiri ya mtu yeyote. Paulo anawaambia wasihojihoji sokoni, kwa kuwa sanamu si kitu na dunia yote ni mali ya Bwana. Hata hivyo, mtu akisema wazi kwamba nyama hii ni ya sadaka, mwamini aiache kwa ajili ya dhamiri ya yule aliyesema.

Wako wanaolitumia fungu hili kufundisha kwamba tofauti ya wanyama safi na najisi imeondolewa. Lakini hoja ya Paulo hapa ni sanamu (mafungu ya 19, 20 na 28), si aina ya mnyama. Tofauti ya safi na najisi ilijulikana tangu siku za Nuhu (Mwa. 7:2), kabla hajawapo Myahudi hata mmoja. Kwa hiyo mwamini anayefika soko la samaki la Feri anaweza kumchagua changu mwenye mapezi na magamba, akawapita pweza, ngisi na kamba bila kelele na bila kumdharau anayewanunua.

Paulo anaacha maswali matatu ya kwenda nayo sokoni. Je, kitu hiki kinafaa? Je, kinamjenga mwingine? Je, kinamtukuza Mungu?

Katika maswali hayo matatu, ni lipi unalolisahau kwa urahisi unaponunua chakula? Kwa nini?

JUMATATU
Fedha, Mizani na Kapu

Soma Isaya 55:1, 2 na Mambo ya Walawi 19:35, 36. Mungu anasema nini juu ya mnunuzi, na juu ya muuzaji?

Isaya anazungumza juu ya neema isiyonunuliwa kwa fedha. Lakini mfano anaoutumia ni wa sokoni, na unamgusa kila mtu mwenye mshahara mdogo: kwa nini fedha itumike kwa kitu kisichoshibisha? Familia inaweza kutumia fedha nyingi kwa soda na vyakula vya kukaanga, ikarudi nyumbani na njaa ya mwili. Fungu la mchicha au matembele kutoka genge la jirani, maharage, karanga na papai vingeweza kuijenga afya yake. Unga wa dona unabaki na pumba na kiini cha mahindi, ambavyo hupungua sana katika sembe iliyokobolewa. Chungwa au embe linaloliwa pamoja na maharage na mboga za majani husaidia mwili kupokea madini ya chuma. Mungu ametoa chakula kingi chema ambacho si cha matajiri tu.

Uwakili hauishii kwenye lishe. Mchicha una mkulima wake, na viazi vina mtu aliyevichimba. Wakulima wengi wa Tanzania wanaijua lumbesa, yaani gunia linaloongezwa kilemba juu ya kipimo halali, huku mkulima akilipwa kama gunia la kawaida. Mizani ya udhalimu iliyokatazwa na Musa haijatoweka. Mwamini anayenunua shambani asidai lumbesa, na mwamini anayeuza gengeni asipunguze sado. Mboga safi iliyopatikana kwa kipimo cha hila haiwezi kuitwa chakula kinachomtukuza Mungu.

JUMANNE
Kikombe cha Kahawa

Soma 1 Wakorintho 6:12, 19, 20. Kanuni hizi zinamsaidiaje mwamini katika jambo ambalo Biblia haikulitaja kwa jina?

Biblia haitaji kahawa. Inafundisha kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, na kwamba kitu chochote kisimtawale mtu aliyenunuliwa kwa thamani. Ndiyo sababu Waadventista wamefundishwa kwa vizazi vingi kuacha kahawa na chai yenye kafeini.

Kafeini haimpi mtu nguvu mpya. Inazuia ubongo kupokea taarifa ya uchovu, lakini uchovu wenyewe unabaki mwilini. Kwa watu wazima wengi, baada ya saa 5 hivi karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Anayekunywa saa 12 jioni anaweza kulala saa 5 usiku akiwa na sehemu kubwa ya kikombe kile, na usingizi wake ukawa mwepesi. Alfajiri anaamka amechoka, naye anahitaji kikombe kingine. Chai ya rangi na soda za kola nazo zina kafeini. Zaidi ya hayo, kahawa au chai inayonywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma ambayo mwili ungeyapata, jambo zito kwa mama mjamzito.

Anayeacha anaweza kuumwa kichwa kwa siku kadhaa. Apunguze kidogo kidogo, anywe maji ya kutosha, alale mapema. Mchaichai, tangawizi, na kinywaji cha soya iliyokaangwa na kusagwa vinaweza kushika nafasi ya kikombe cha asubuhi.

Lakini kanisa lisisahau kwa nini mjini watu wengi hunywa. Kondakta wa daladala anayeamka saa 10 alfajiri na kurudi usiku anapambana na uchovu wa kweli. Kumkemea bila kumsaidia kupata pumziko ni kumwongezea mzigo. Zaburi 127:2 inauhesabu usingizi kuwa zawadi ya Mungu, na ujumbe wa afya unahubiri pumziko pamoja na kiasi.

JUMATANO
Kijiweni Bila Kikombe

Soma Luka 5:27–32 na Warumi 14:13–19. Yesu aliketi na nani mezani? Paulo anaonya nini juu ya chakula na ndugu?

Fikiria kinyozi mmoja wa Buguruni. Kwa miaka mingi alikunywa kahawa na kula kashata kijiweni karibu na nyumbani kwake. Alipobatizwa aliacha kahawa, na hilo lilikuwa jema. Lakini aliacha na kijiwe. Kisha akaacha kuwasalimu waliokaa pale, akawa anapita uchochoro mwingine. Majirani waliona kwamba dini yake mpya imemfundisha kuwadharau.

Usiku mmoja mtoto wake akashikwa na homa kali na degedege. Kinyozi alitoka nje akiita, na mlango wa kwanza kufunguliwa ulikuwa wa mzee muuza kahawa. Watu wawili wa kijiweni wakatafuta bajaji, wakachanga nauli, wakakaa naye hospitalini mpaka kukapambazuka na mtoto akapata nafuu. Kinyozi alipoanza kuomba radhi, mzee akamwambia, “Mwanangu, kahawa uliiacha wewe. Sisi hatukukuacha.”

Kinyozi yule alikuwa sahihi juu ya kikombe, akakosea juu ya watu. Kijiweni ndiko habari za misiba, za wagonjwa na za wasio na kazi zinakosikika kwanza. Yesu aliketi mezani kwa Lawi hata akaitwa mlafi na mlevi (Luka 7:34), wala hakushiriki dhambi zao. Danieli naye alikataa chakula cha mfalme mjini Babeli kwa adabu. Aliomba ruhusa, akajali hofu ya mkuu aliyemsimamia, akaomba majaribio ya siku 10 (Dan. 1:8–16). Kukataa kwake hakukumfanya awe adui wa mtu.

Mwamini anaweza kuketi kijiweni na kikombe cha tangawizi, akauliza hali, akachangia msiba, akaenda kuzika. Yule ambaye bado ana vita kali na tabia ya zamani asiende peke yake, bali aende na ndugu mwingine, au awatembelee majirani nyumbani kwao mpaka atakapopata nguvu.

Je, wako watu ambao uliwaacha pamoja na tabia uliyoiacha? Unaweza kufanya nini juma hili ili kuwarudia?

ALHAMISI
Kapu la Maandalio

Soma Kutoka 16:22–30 na Nehemia 13:15–22. Mungu aliwapa watu wake nini siku ya sita? Nehemia alifunga milango ya mji kwa sababu gani?

Jangwani, mana ya siku ya sita ilitosha siku mbili. Mungu hakuiagiza Sabato bila kuandaa chakula chake. Mwaka mzima jua la Dar es Salaam hutua kati ya saa 12 na saa 1 jioni. Mtu anayetoka kazini saa 10 jioni siku ya Ijumaa, akapitia Kariakoo kisha akaingia kwenye foleni, hufika nyumbani jua limekwisha kuzama, mikono imejaa mifuko na moyo umejaa hasira. Maandalio yake yanapaswa kuanza Alhamisi, au hata mapema zaidi. Maharage yachemshwe mapema, mboga zichambuliwe, na kazi igawanywe. Sabato haikuwekwa ili baba na watoto wapumzike huku mama akiukaribisha machweo akiwa amechoka kuliko siku nyingine zote.

Lakini kuna mwamini mwingine, mwenye genge. Kwake Jumamosi ni siku ya wateja wengi. Anapofunga genge lake Ijumaa kabla ya machweo, nyanya zinaiva na kuoza, na mteja anahamia genge la pili. Ni rahisi kumsifu kwa imani yake siku ya Sabato. Ni vema zaidi washiriki wenzake wakumbuke genge lake siku ya Alhamisi na Ijumaa asubuhi, wakanunua kwake mahitaji yao ya Sabato na kulipa papo hapo bila kukopa. Hivyo ndugu wanaweza kuwa mkono wa Mungu unaoleta mana ya siku ya sita.

Ni nani katika kanisa lako anayepoteza mapato kwa kuitunza Sabato? Kapu lako linaweza kumsaidiaje?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Konferensi Kuu ya Waadventista wa Sabato iliundwa mwezi Mei 1863. Majuma machache baadaye, mwezi Juni, Ellen G. White alipewa njozi juu ya afya huko Otsego, Michigan, nchini Marekani. Mwaka 1866 Waadventista walifungua taasisi yao ya kwanza ya afya mjini Battle Creek. Mwaka 1905 kilitolewa kitabu Huduma ya Uponyaji. Soma sura zake zinazohusu lishe na vichangamsho, lakini soma kwanza sura ya mwanzo. Haianzi na vyakula. Inaanza na Kristo, aliyetembea kati ya watu akiwahudumia katika mahitaji yao.

Mpangilio huo unafaa kufuatwa na kila darasa linalojifunza ujumbe wa afya. Anayeanza na vyakula peke yake anaweza kuishia kuhesabu makosa ya wengine. Anayeanza na Kristo ataacha kikombe, atachagua samaki safi, atapima sado kwa haki, na bado atajulikana kijiweni kama jirani mwema.

Maswali ya Kujadili

1. Mfanyakazi mwenzako asiye Mwadventista anakualika kwenye sherehe yenye vyakula usivyokula. Utakataaje bila kumwaibisha? Tumia mfano wa Danieli katika majibu yenu.

2. Mshiriki mpya anajitahidi kuacha kahawa, naye ameanguka mara mbili. Darasa lenu linaweza kumsaidia kwa njia zipi zaidi ya kumwombea?

3. Je, inawezekana mtu kuzishika kanuni zote za afya na bado alivunje fungu la kukariri la juma hili? Eleza.

4. Kabla ya kuagana, andikeni majina ya washiriki wenye magenge, mama lishe na wauza matunda katika kanisa lenu. Kubalianeni ni nani atanunua kwa nani kabla ya Sabato ijayo.