Mwenyeji ni Nani?

Bila shaka umewahi kuulizwa, "Kwenu ni wapi?" Muulizaji hana haja ya kujua utakapolala usiku wa leo, anataka kujua walikozikwa babu zako. Na mtu akiweza kujibu kwamba baba yake, babu yake na baba wa babu yake wote walilima bonde moja, watu humtazama kwa heshima, kana kwamba kukaa muda mrefu ni tendo jema lililotendwa na ukoo mzima. Je, ni tendo jema kweli? Na linampa mtu haki gani juu ya jirani yake aliyefika juzi?

Hebu tulitazame jambo hili katika nyanda za juu za Buha, yaani Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma. Huko zimo koo zijihesabuzo kuwa za mahali pamoja tangu zama za Mwami wa Heru, kabla hajafika Mjerumani. Lakini tukiichunguza historia yenyewe, twaona kwamba watu hao hawakuachwa kukaa kimya. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliwahamisha wengi, hasa upande wa Kibondo, ikawakusanya pamoja ili kuwaepusha na mbung'o waletao malale. Reli ilikuwa imekwisha fika Kigoma tangu mwaka 1914, na vijana wa Kiha kwa maelfu wakaenda kukata mkonge Tanga na kwingineko, wakaitwa manamba. Kisha ikaja zamu ya vijiji. Mkoa wa Kigoma ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyotangulia kuhamishwa, hata kabla ya Novemba 1973, Serikali ilipoagiza kwamba hadi mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wanaishi vijijini. Migomba iliachwa, na makaburi yakaachwa pamoja nayo.

Kwa hiyo asemaye, "Sisi hatukuondoka hapa kamwe," mara nyingi hasimulii yaliyotokea. Mti hukaa mahali pamoja kwa kuwa hauna miguu, wala hakuna ausifuye kwa hilo. Ukoo wa watu umekaa kwa sababu wako waliorudi, na wako waliolinda shamba mpaka wenzao waliporudi.

Nani walililinda? Hapa nataka kukaa kidogo, maana wasimulizi wetu wa nasaba hupita haraka mno. Hutaja majina ya wanaume, fulani mwana wa fulani mwana wa fulani, na mama hatajwi. Lakini kijana alipokuwa Tanga akihesabu kadi yake ya kazi, aliyepalilia maharage na kulea watoto alikuwa mkewe. Naye mke huyo alitoka wapi? Hakuzaliwa katika ukoo huo. Aliletwa kutoka kilima kingine, wakati mwingine kutoka ng'ambo ya mpaka, akaja akiwa mgeni asiyejua hata njia ya kisimani. Na kabla yake mama mkwe wake alikuja hivyo hivyo. Basi katika kila kizazi, nyumba ijivuniayo kutochanganyika na wageni imeshikwa na mikono ya mgeni! Sijui kwa nini jambo lililo wazi hivi halisemwi katika vikao vya wazee.

Lugha yetu ya Kiswahili ina neno ambalo yafaa tulipime vizuri. Mzaliwa wa mahali huitwa mwenyeji. Na anayempokea mgeni, akamwekea maji na mahali pa kukaa, naye huitwa mwenyeji. Neno ni moja. Wahenga wetu hawakuona haja ya kuyatenga mambo hayo mawili, na tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa mtu akidai sehemu ya kwanza ya neno hilo na kuikataa sehemu ya pili, je, hajalikata jina lake mwenyewe nusu?

Tena tumtazame Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. Nani alikuwa na mizizi mirefu kuliko Makuraishi katika Makka? Hata hivyo hao hao wenye mizizi walimfukuza mwana wao mwaka 622, na watu wa Madina wakampokea. Mwaka 630 Makka ikawa mikononi mwake. Aliipenda Makka, wala hakuna aliyeweza kumzuia kukaa. Lakini alirudi Madina kwa waliompokea, na huko ndiko alikozikwa mwaka 632.

Yumkini msomaji wa Kasulu au Kibondo atanijibu: "Wewe mwalimu unasema kwa urahisi. Sisi tulipokea Warundi mwaka 1972, tukawapokea tena 1993 baada ya kuuawa Rais Ndadaye, kisha Wakongo mwaka 1996, kisha Warundi tena 2015. Kambi ya Nyarugusu peke yake ilipita watu 150,000. Miti yetu ilikwisha kwa kuni." Ni kweli, na malalamiko hayo si ya kudharauliwa. Aliyebeba mzigo kwa miaka mingi ana haki ya kuutaja, na walio mbali, tukiwemo sisi tuandikao, tulimwachia aubebe.

Lakini uzito huo haumpi kibali cha kumdhulumu mtu mmoja aliye mbele yake. Chukua mfano wa mzee wa Heru Juu, mwenye migomba na makaburi ya wazazi wake. Alfajiri anabishiwa hodi na mtu mwenye jembe begani, asemaye Kirundi, ambacho Mha hukisikia bila mkalimani. Mtu huyo amevuka kilometa 4 zilizowekewa mkimbizi bila ya kibali. Anaomba kibarua cha siku moja. Mzee anajua kwamba akimlimisha kutwa kisha akamnyima ujira, mtu huyo hatakwenda kushitaki popote, kwa kuwa kwanza ataulizwa alifikaje huko.

Jua linapotua shamba limekwisha limwa. Mgeni anafuta jembe lake kwa majani, na mzee amesimama mlangoni, mkono umo mfukoni.