Wanangu, Someni Kopo Kabla ya Kunywa

Wanangu, nasema na nyinyi mnaotoka jimu jioni na chupa za kutikisia mikononi, na nyinyi mnaotaka kupungua kabla siku ya harusi haijafika. Dukani kuna makopo mawili yanayokaa rafu moja. Yote yana unga wenye ladha ya vanila au chokoleti, yote hukorogwa kwa maji au maziwa, na yote yamechorwa mtu mwenye mwili wa kupendeza. Kazi zake ni mbalimbali kabisa, na anayeyachanganya huweza kuudhoofisha mwili akidhani anaujenga.

Kopo la kwanza ni la unga wa protini. Aina inayouzwa sana hutokana na majimaji yanayobaki maziwa yakishagandishwa kuwa jibini. Huchujwa, kisha hukaushwa. Gramu 30 za unga huo hutoa protini gramu 20 hadi 25 na kalori kama 120. Wanga na mafuta ni kidogo, nyuzinyuzi karibu hakuna, na vitamini zake si za kutegemea. Hicho ni kitoweo bila ugali wala mboga. Kopo la pili ni la kinywaji mbadala wa mlo, kilichotengenezwa kishike nafasi ya sahani nzima: kalori kati ya 200 na 400, na ndani yake protini, wanga, mafuta, nyuzinyuzi, vitamini na madini.

Msiniambie kwamba tofauti hiyo ni ndogo. Marekani, mwaka 1976, daktari Robert Linn alitoa kitabu cha kupunguza unene, The Last Chance Diet. Wasomaji waliambiwa waache chakula na wanywe protini ya maji, iliyotengenezwa kwa ngozi na kano za ng'ombe. Watu wengi walikifuata, na kweli wakapungua upesi. Kisha, mwaka 1977 na 1978, taarifa za vifo zikaanza kufika serikalini, na zikapita 50. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo wanawake ambao hawakuwa na ugonjwa wa moyo hapo kabla. Mapigo ya moyo yalivurugika, na basi. Protini ile ilikuwa duni, kwani protini ya ngozi na kano kwa asili haina triptofani, asidi amino ambayo mwili hauwezi kukosa, na nishati iliyopatikana kwa siku haikumtosha hata mtoto mdogo. Mwili ukikosa chakula hula misuli yake, na moyo nao ni msuli. Unga wa protini ya maziwa wa leo ni bora kuliko ile protini ya maji, lakini anayeunywa asubuhi, mchana na jioni pasipo chakula anapita njia ileile.

Sasa hesabuni. Mtu mzima mwenye kilo 70 anahitaji protini gramu 56 hivi kwa siku. Anayenyanyua vyuma kwa bidii huhitaji zaidi, gramu 1.4 hadi 2 kwa kila kilo ya mwili. Mayai mawili yana gramu 12, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, glasi ya maziwa 8, kipande cha samaki cha gramu 100 kinafika 20. Hapo mnyanyua vyuma bado, lakini ninyi wengine mmeshatosheka bila kununua kopo. Protini ikizidi haigeuki misuli; huchomwa kama nishati au huwekwa kuwa mafuta. Inaniuma kuona kijana akikopa pesa za unga huku dagaa wamejaa sokoni.

Kwa hiyo, aliyekula vizuri na bado hajafikia kiwango cha mazoezi yake, unga wa protini utamfaa, juu ya mlo wake. Mgonjwa asiyeweza kutafuna, au anayepunguza uzito chini ya uangalizi wa mtaalamu, atafute kile kinywaji mbadala, na aangalie sukari iliyoandikwa kwenye lebo. Tumbo likijaa gesi na kuharisha kila unywapo, huenda ni sukari ya maziwa; hapo chagua unga wa soya au wa njegere.

Tena, msibabaike na neno "imetoka Marekani". Sheria ya huko ya mwaka 1994 haimlazimishi mtengenezaji wa virutubisho vya namna hii kupata kibali cha serikali kabla ya kuviuza. Tafuteni alama ya ubora ya TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya, na unga unaopimwa kwenye mifuko isiyo na lebo uacheni hukohuko.

Na wewe mwenye ugonjwa wa figo, mwenye kisukari, au uliye mjamzito, nakusihi usifungue kopo lolote kati ya hayo kabla hujamwona daktari.