Mtoto Aliyeikimbia Juzuu

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyemtukuza mwanaadamu kwa elimu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu, katika darsa yetu nimeombwa nieleze niliyoyaona katika safari yangu ya Nyeri. Nimeona ni bora niyaandike, yapate kuwafikia na wale wasiohudhuria, hasa wazazi wenye watoto wadogo, na hasa sisi mababu tulioko huku pwani, ambao twaamrisha kwa simu mambo tusiyoyaona kwa macho.

Nyeri ni mji wa baridi, karibu na Mlima Kenya. Serikali ya Kiingereza iliweka boma lake pale mwaka 1902, na nyuma ya boma wakafuata wapagazi, askari na wafanyi biashara, na wengi katika hao walikuwa Waislamu, watu wa pwani au watu waliosilimu katika njia za misafara. Hiyo ndiyo asili ya jamaa nyingi za Kiislamu uzikutazo leo katika mitaa iitwayo Majengo, Nyeri kwenyewe na Nanyuki na Meru. Vitukuu vyao wasema Kiswahili ndani ya nyumba na lugha ya majirani wakiisha kuvuka kizingiti, kisha shuleni wakutana na Kiingereza, na chuoni na Kiarabu. Mtoto wa miaka mitano pale abeba lugha nne kichwani, nasi twamwita mzito.

Nilifikia kwa mwana wa ndugu yangu, ambaye ana duka pale. Mkewe ni mzaliwa wa Majengo. Wana mtoto mmoja wa kiume, hajatimiza miaka mitano. Jioni ya kwanza, tulipokwisha kuswali magharibi, baba mtu alifungua kabati akatoa juzuu ya Amma. Sikumwona mtoto akiondoka. Niliona tu mahali pake pamebaki wazi. Alikuwa ameingia uvunguni, amekumbatia mguu wa kitanda kwa mikono miwili, na babake anamvuta. Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilicheka.

Kicheko kilinikatika niliposikia alivyokuwa akilia. Alikuwa akisema, "Simtaki babu wa simu! Simtaki babu wa simu!"

Babu wa simu ni mimi. Kila Ijumaa hupiga simu Nyeri, na baada ya salamu neno langu la kwanza huwa, "Kijana amefika sura gani?" Basi baba mtu humsogezea simu kinywani na kumwambia amsomee babu. Akinyamaza, mimi humtajia nduguye aliye Mombasa, mdogo kwake kwa miezi miwili, ambaye sasa asoma hiki na kile. Nilidhani namtia hima. Kumbe mwaka mzima nilikuwa nikimfundisha jambo moja tu, nalo ni kwamba juzuu ni kitu ambacho mtu huaibishwa nacho mbele ya watu.

Wallahi sikulala vyema usiku ule. Nilijiuliza nina hoja gani mbele ya Mola wangu ikiwa mtoto huyu atakua na kukichukia Kitabu kwa sababu ya sauti yangu.

Ndugu zangu, tuitazame dini yetu yasemaje. Swala ndiyo nguzo ya dini, na hapana lililo kubwa kuliko hilo baada ya shahada. Hata hivyo Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mtoto huamrishwa kuswali akifika miaka saba, na ukali haukutajwa ila baada ya miaka kumi. Basi ikiwa nguzo ya dini yenyewe imempa mtoto muhula wa miaka saba, sisi tumepata wapi ruhusa ya kumkaripia mtoto wa miaka minne kwa sababu ya be na te? Sisemi asifundishwe kabla ya hapo. Afundishwe, na afundishwe mapema. Nasema kuna tofauti baina ya kumwonyesha mtoto jambo na kumlazimisha.

Na tazameni mwendo wake Mtume (S.A.W.) mwenyewe na watoto. Aliswalisha watu huku amembeba mjukuu wake Umama. Mjukuu wake mwengine alimpanda mgongoni akiwa amesujudu, akairefusha sijida mpaka mtoto aliposhuka kwa hiari yake. Na mtoto mdogo mmoja, Abu Umair, alipofiwa na kidege chake, Mtume alizungumza naye habari za kidege kile. Mtume wa Mwenyezi Mungu, mwenye umma mzima mabegani, alipata nafasi ya kuuliza habari za kidege. Nasi twasema hatuna nafasi, duka lafungwa saa tatu.

Hata Kur-ani yenyewe haikushuka yote kwa siku moja. Imeshuka kidogo kidogo kwa muda wa miaka ishirini na mitatu, ili nyoyo zipate kuthibiti. Hao waliopokea walikuwa watu wazima. Mtoto astahiki haraka zaidi kuliko Masahaba?

Nilipomwambia haya mwana wa ndugu yangu alinijibu kwa adabu, "Ami, wazee wetu wamesema, samaki mkunje angali mbichi. Na sisi tulipigwa, na tukasoma." Hoja hii ya pili nimeisikia mara nyingi, nami nimepata kuisema. Lakini wanaoisema ni nani? Ni wale waliohitimu. Wale waliopigwa wakatoroka chuoni wasirudi tena hawamo barazani kutoa ushahidi wao. Sisi twawahesabu waliofika, waliopotea njiani hatuwahesabu. Na huyo samaki, wazee wamesema mkunje, hawakusema mvunje.

Wala hili si jambo lililozuliwa na wataalamu wa leo, kama wanavyodhani baadhi ya ndugu zetu. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameandika katika Ihya kwamba mtoto akitoka chuoni aachwe acheze mchezo mwema, kwani kumnyima mchezo na kumsonga kwa masomo kwaua moyo wake na kutia kutu akili yake. Naye Ibn Khaldun, aliyefariki Misri mwaka 1406, ameweka mlango mzima katika Mukaddima yake akieleza kwamba ukali wawadhuru wanafunzi, na hasa walio wadogo, kwa kuwa mtoto anayeogopa hujifunza kusema uwongo na kudhihirisha asiyokuwa nayo moyoni. Nani katika sisi hajamwona mtoto akiupeleka mdomo mbele ya mwalimu, na sauti haitoki?

Basi kesho yake nilimwomba baba mtu aiweke juzuu kabatini kwa muda wa siku nilizokuwapo pale, nami nikakaa jikoni nikitazama. Mama mtu alikuwa akichambua maharagwe juu ya sinia. Mtoto alikuja peke yake, kama ilivyo desturi ya watoto, kwani hapana mtoto awezaye kuliona sinia la maharagwe akaliacha. Mama alinyunyiza unga kidogo juu ya sinia, akachora kwa kidole kitu mfano wa bakuli lililo bapa. Akamwambia, "Bakuli hili limetoboka. Harage moja limeanguka chini. Liweke." Mtoto akaliweka. "Hili jina lake be." Kisha akachora bakuli la pili, akamwambia maharagwe mawili yako juu yataka kuingia, hilo ni te. Mtoto akacheka, akataka la tatu. Mama akasema, "La tatu kesho," akakung'uta unga, akaendelea na kazi yake.

Nilimwuliza, "Mwanangu, kwa nini umekoma naye ataka?"

Akanijibu, "Ami, ndiyo maana nimekoma."

Haikupita hata robo ya saa. Siku ya pili mtoto ndiye aliyelileta sinia. Nami nilikumbuka kwamba babake huketi naye saa nzima, na saa hiyo yote huishia uvunguni. Na kina mama msiseme kwamba kufundisha si kazi yenu: Shifaa binti Abdillahi, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, ndiye aliyemfundisha Bibi Hafsa, mke wa Mtume, kuandika.

Liko jambo jingine ambalo nataka watu wa pwani wanisikilize vizuri. Mwalimu mmoja aliyewahi kumfundisha mtoto yule alimwambia babake kwamba ulimi wa mtoto umeharibika kwa lugha ya bara, kwa sababu hatofautishi lamu na re. Mtoto alikuwepo akisikia. Kweli hatofautishi, husema "kurara". Lakini sababu yake ni nini? Kikuyu hakina sauti ya l, nacho ndicho anachocheza nacho mchana kutwa. Sini nayo haimo, na ndiyo maana neno letu "kusoma", walipolichukua, wao walilitamka gũthoma. Basi mtoto hana ila. Amekosa mazoea tu. Mamake sasa humchezesha kwa maneno ya lala, lulu, lima, njiani wakienda dukani, kabla hajamwonyesha lamu ilivyo.

Kisha nilimwambia mtoto, "Wenzako huko nje kikombe wakiitaje?" Akasema, "Gĩkombe." Ndugu zangu, niliisikia ghaini iliyo safi, ikitoka kooni mahali pake, ambayo walimu wa tajwidi huwatesea wanafunzi wengi. Kwani g ya Kikuyu hutamkwa hivyo. Nikamtaka aseme na hilo gũthoma, ikatoka dhali. Ulimi tuliouita mbovu ulikuwa umekwisha kubeba herufi mbili za Kur-ani, na hapana aliyemwambia. Nilipomwambia, alirudia gĩkombe kutwa nzima hata tukachoka.

Na katika neno hilo gũthoma kuna kisa. Zamani za mwanzo wa ukoloni, Wakikuyu waliwaita wenzao walioingia misheni athomi, maana yake wasomaji. Shule zilikuwa mikononi mwa wamisheni, kama Tumutumu ya Waskoti na zile za Wakatoliki wa Consolata, na wazee wetu wengi waliogopa kupeleka watoto wasije wakatolewa katika dini. Siwalaumu, hofu yao ilikuwa na sababu. Lakini matokeo yake ni kwamba jina la wasomaji likawa la wengine, nasi ndio ambao Kitabu chetu kilianza kushuka kwa amri ya kusoma. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alilipigia kelele jambo la elimu katika Al-Islah, Mombasa, mwaka 1932. Na katika miaka ya 1980 Mombasa hiyo hiyo ilianza mpango wa madrasa za watoto wadogo, uliosaidiwa na taasisi ya Aga Khan, ambamo mtoto husoma dini yake na kujitayarisha na skuli mahali pamoja, kwa kucheza na vitu vya mkononi kama mbegu na vifuu. Mpango huo ukafika Unguja na Uganda. Basi maharagwe ya mama yule si jambo geni kwetu.

Herufi za Kiswahili nazo afundishwe kwa mwendo huo huo, ba na be na bi, kwani lugha yetu huandikwa kama inavyotamkwa na mtoto huishika upesi. Kwa mtaala ulioenezwa nchi nzima mwaka 2019, mtoto wa Kenya huingia shule ya awali ana miaka minne. Ni kheri aende naye amekwisha kuona kwamba kusoma ni jambo la nyumbani. Na aone kwa macho: baba asome msahafu wake, asome gazeti lake, mtoto akiwa ubavuni. Nyumba ambayo hapana mkubwa ashikaye kitabu, mtoto atakipendea nini? Na ikiwa mtoto akataa siku zote, hata kwa mchezo, apelekwe hospitali apimwe macho na masikio, kwani wako waliopigwa miaka kwa ukaidi, kumbe hawasikii vizuri.

Nilirudi Mombasa, na Ijumaa ilipofika nilipiga simu kama desturi yangu. Safari hii sikuuliza sura. Nilimwuliza mtoto habari za kuku wao. Alinieleza kwa urefu. Kisha akaniambia, "Babu, nataka kukuuliza. Bakuli lenye kina, na harage moja limeingia ndani, jina lake nani?"

Nikamwuliza, "Mamako amekuchorea?"

Akasema, "Hapana. Nimeliona katika juzuu."

Nikamwambia, "Hiyo ni nuni." Akaniambia nisikate simu, aende akamwulize mamake kama nimepata.