Wajinga Ndio Waliwao?

Ukimwambia mtu Nairobi kwamba unacheza poka mtandaoni, utapata jibu moja kati ya mawili. La kwanza: "Hiyo ni kamari tu, wacha kujidanganya." La pili hutoka kwa wachezaji wenyewe, na hutoka haraka kama kitu kilichokaririwa: "Zii, hii si kamari. Hii ni akili." Mimi niko kambi ya pili. Nimecheza miaka minne, na jibu hilo nimelitetea ndani ya matatu, kwenye harusi na kwenye magrupu ya WhatsApp. Bado naamini ni la kweli. Swali langu leo ni lingine. Tukishakubaliana kwamba ni akili, je, hapo tumejisafisha? Au hapo ndipo mashtaka yanapoanza?

Kwanza tuelewane ni poka gani. Sizungumzii ile ya mtaani, ya kulishana mbili na tatu, jeki inaruka, kingi inarudisha, halafu mtu anapaza sauti "niko kadi!" Nazungumzia Texas Hold'em. Kila mchezaji anapewa karata mbili za siri, kisha karata tano zinafunguliwa mezani kwa matumizi ya wote, na njiani kuna raundi nne za kuweka dau. Unaweza kufuata dau la mwenzako, kulipandisha, au kutupa karata zako ukae kando. Kwenye mashindano kila mtu analipa kiingilio na kupewa chipsi sawa na wengine (si zile za kuku). Zikikuishia, umetoka. Mashindano yangu ni ya watu wa kawaida: dola 1, dola 3, mara moja moja dola 5. Kwa kawaida kati ya watu 100 wanaoingia, kama 15 tu ndio hulipwa, na pesa zenyewe hasa zinawangoja wale watatu wa mwisho. Tovuti nayo inakata chake mlangoni. Ukilipa dola 1 na senti 10, dola inaenda kwenye zawadi na zile senti 10 ni za mwenye nyumba, ushinde ushindwe.

Sasa akili iko wapi hapo? Chukua karata mbili bora kuliko zote, esi mbili, zile ambazo wazee wa Pwani huziita ree. Utagawiwa esi mbili mara moja tu kwa kila migawo 221. Ukikutana na mwenye kingi mbili na nyote mkaweka chipsi zote, utashinda karibu mara nne kati ya tano. Ile mara ya tano unatoka nje, na hakuna ulichokosea. Ndiyo maana usiku mmoja wa poka haumwambii mtu chochote. Usiku elfu moja ndio unaosema. Anayejua kuhesabu uwezekano, kusoma tabia za wenzake na kutupa karata mbovu bila uchungu, polepole anajitenga na asiyejua.

Na ushahidi upo. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na Facebook walitangaza programu ya kompyuta iitwayo Pluribus, iliyowashinda wachezaji wa kulipwa katika meza ya watu sita. Huwezi kuifundisha mashine kushinda bahati nasibu, kwa sababu hakuna cha kufundisha. Wala sijawahi kusikia kuhusu bingwa wa kandege, ule mchezo wa simu ambapo unakodolea macho ndege inayopaa ukiomba itoke angani baada yako. Poka ina mabingwa. Kwa hiyo, ndiyo, ni akili. Kesi imekwisha.

Mama yangu ndiye aliyeifungua upya. Mwaka jana nilishika nafasi ya tatu kwenye shindano moja nikapata dola 141. Nikamtumia shilingi 5,000. Akapiga simu.

"Nimeona pesa, Mungu akubariki. Umelipwa mapema mwezi huu?"

Nikamweleza. Nikamweleza na ile hadithi ya akili pia, kwa utaratibu, vile naielezea kila mtu. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo kuna mtoto wa mtu amelia."

"Mama, kila mtu aliingia kwa hiari yake."

"Hiari nimesikia. Lakini alijua wewe unajua kumshinda?"

Swali hilo limekaa nami tangu siku hiyo, kwa sababu limeukata utetezi wangu katikati. Hebu angalia. Tukisema poka ni bahati, basi mimi ni mcheza kamari kama yule wa kandege, na watu wa kambi ya kwanza wana haki ya kunicheka. Tukisema ni akili, basi pesa ninayoshinda inatoka kwa mtu asiyejua kama mimi. Kadiri ninavyothibitisha kwamba ni akili, ndivyo ninavyothibitisha kwamba yule mwingine hakuwa na nafasi nzuri. Utetezi wangu ndio unaonishtaki.

Na hapa hakuna mali inayozalishwa. Mama mboga akipata faida kwangu, mimi ninaondoka na sukuma wiki. Fundi akinitoza, mlango unafunga. Kwenye meza ya poka kila shilingi niliyoongeza imetoka mfukoni mwa mtu, na juu yake tovuti imemega chake. Tukizijumlisha pesa zetu wote tuliokaa pale, tunaondoka tukiwa na kidogo kuliko tulichokuja nacho.

Wachezaji wenyewe hawalifichi jambo hili. Mchezaji dhaifu wanamwita samaki, na mkali wanamwita papa. Ukiuliza meza fulani ikoje, jibu zuri ni kwamba ina samaki wengi. Wahenga wetu walikuwa na lugha kavu zaidi: wajinga ndio waliwao. Watu wengi mjini husoma methali hiyo kama leseni. Mimi huisikia kama taarifa tu. Inasema ni nani huliwa. Haijasema kwamba ni halali kumla.

Jibu la kwanza linalokuja ni lile nililompa Mama: hiari. Hakuna aliyeburutwa. Sheria zimeandikwa, kiingilio kinaonekana, na kila mtu amebonyeza kitufe mwenyewe. Na tunalikubali hilo kwingine. Kila mwaka maelfu ya watu hulipia mbio za barabarani hapa Nairobi wakijua kabisa kwamba zawadi itachukuliwa na wanariadha wa kulipwa. Hakuna anayesema bingwa amewaibia wale waliofika baada ya masaa matano wakitembea. Mbona basi mimi nijisikie mwizi?

Nimelifikiria sana hilo, na naona tofauti iko kwenye saa. Mkimbiaji wa masaa matano anaonyeshwa saa pale kwenye utepe. Inamwambia ukweli usio na huruma: wewe na bingwa mmepishana kwa karibu masaa matatu. Mwaka ujao akilipa tena, atakuwa amelipia fulana, medali, afya na picha. Hajalipia ndoto ya kumpita bingwa. Poka haina saa. Mchezaji dhaifu hushinda mara kwa mara, na hushinda vizuri. Anaweka chipsi zote na karata takataka, karata ya mwisho inafunguka vile alivyoomba, na papa mzima anatolewa nje akitukana. Samaki anaenda kulala akijua yeye ni hatari.

Hapa ndipo nilipoelewa kitu ambacho ule ubishi wa "ni bahati au ni akili" huwa unakifunika. Tunazitaja bahati na akili kama mahasimu, kumbe kwenye poka zinafanya kazi pamoja. Bahati ndiyo chambo, akili ndiyo ndoana. Hakuna mtu anayecheza chesi ya pesa na bingwa wa dunia mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza inatosha kumfundisha. Poka inakuacha ushinde kiasi cha kutosha usijifunze. Asiyejua angepoteza kila siku angeondoka wiki ya kwanza, na mwenye akili angebaki hana wa kumla.

Hata hadithi tunazozipenda zaidi zinafanya kazi hiyo. Mwaka 2003 mhasibu kutoka Tennessee, Marekani, aitwaye Chris Moneymaker, aliingia shindano dogo la mtandaoni la kiingilio cha chini ya dola 100. Likampa tiketi ya shindano kuu la dunia kule Las Vegas, ambalo kiingilio chake ni dola 10,000. Akawashinda watu 838 na kurudi nyumbani na dola milioni 2.5. Kila mchezaji wa ridhaa anaijua hadithi hii, na sidanganyi, hata mimi ndiyo iliyoniingiza. Ndoto yangu ni ileile: siku moja nikae kwenye shindano hilo kwa tiketi niliyoishinda kwa dola zangu chache. Lakini angalia kilichofuata. Mwaka 2004 washiriki walipanda kutoka 839 hadi 2,576. Mtu mmoja alishinda, na hadithi yake ikawavuta wengine kwa mamia na mamia. Hao wengine hatuwajui majina.

Basi niache? Sijaacha, na sababu zangu ni hizi.

Mashindano yana mpaka. Kwenye meza za pesa taslimu unachagua ukae na nani, na papa hukaa akiwinda meza yenye samaki aliyechoka. Huyo samaki akiishiwa, anaongeza pesa, anaongeza tena, mpaka saa tisa usiku kodi ya nyumba imeenda. Kwenye mashindano kompyuta ndiyo inayopanga viti. Sikumchagua aliye kando yangu, na yeye hawezi kupoteza zaidi ya kile kiingilio alichokubali akiwa na akili timamu. Kuna mashindano yanayomruhusu aliyetolewa alipe tena na tena. Hayo siingii. Huko mpaka umetobolewa, na wanaolipa mara ya tatu na ya nne mara nyingi ni wale wenye hasira.

La pili ni kuhusu ukweli. Kama kinachoniweka juu ya samaki ni kwamba mimi najua na yeye hajui, basi deni langu la kwanza ni kutoongeza ujinga duniani. Watu wanaoposti picha za ushindi bila kuposti hasara wanazidi kumzimia mwenzao ile saa. Na deni hili lilifika mlangoni kwangu mwaka huu, binamu yangu aliyeko mwaka wa pili chuoni aliponiambia, "Kaka, nifunze na mimi niomoke."

Sikumfungulia mchezo. Nilimfungulia daftari. Mwaka jana nilicheza mashindano 412. Nililipa viingilio vya dola 1,236 na nikavuna dola 1,472. Nililipwa chochote mara 71 tu, maana yake mara 341 niliondoka mikono mitupu. Faida ni dola 236, kama shilingi 30,000 hivi. Nikamwambia aigawe kwa masaa 800.

Akatoa simu, akapiga hesabu, akairudia.

"Shilingi 38 kwa saa? Si bora niuze smokie."

"Na ukitoa ule usiku mmoja wa dola 141, faida inabaki dola 95."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Sasa utajuaje kama wewe mwenyewe si samaki?"

Jibu la kweli ni kwamba mashindano 412 hayatoshi kujua. Faida yangu inaweza kuwa akili, na inaweza kuwa bahati iliyovaa suti. Huenda kuna mtu Brazil au Urusi anayeliona jina langu mezani na kufurahi. Nilimwambia hivyo hivyo. Kwa hiyo ule mstari kati ya anayekula na anayeliwa, ambao mimi nilikuwa nauchora nikiwa na uhakika wa upande wangu, sina haki ya kuuchora bila daftari. Na methali nyingine inanikumbusha kwamba hata nikiwa upande mzuri, siku zangu zinahesabika: mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani.

Wengi hutaka nimalize kwa kusema poka ni halali au ni haramu. Dini zetu zina majibu yake, na Mama analo lake. Mimi nina hili tu: kuwa na akili hakumpi mtu ruhusa, kunampa wajibu. Ukijua kuliko mwenzako, iwe kwenye karata, kwenye kuuza ploti au kwenye kuandika mkataba wa kazi, hiari yake peke yake haikutoshi. Jiulize kama angebaki mezani iwapo angeonyeshwa hesabu yote. Kama angebaki, cheza naye kwa furaha na umshinde ukiweza. Kama angeondoka, basi unachokula ni kile alichofichwa.

Binamu yangu alibaki. Aliinakili hesabu yangu kwenye daftari lake, akaacha kurasa tupu za hesabu yake mwenyewe, akaingia shindano la dola 1. Alitolewa baada ya dakika 25, akiwa na kingi mbili. Akaliandika.