Amana ya Tanuri la Ufipa

Ndugu msomaji, Mwenyezi Mungu Subhanahu wa Taala ameipa sura nzima ya Qurani jina la chuma, Surat Al-Hadid, na humo akatujuza kuwa chuma kina nguvu kubwa na manufaa kwa watu. Nabii Daud (A.S.), juu ya ufalme wake, alilainishiwa chuma akakifanyia kazi. Basi uhunzi si kazi ya kudharauliwa.

Sisi watu wa pwani twajisifu kwa majahazi na milango ya nakshi. Wachache wetu wajua kuwa katika uwanda wa juu wa Ufipa, huko Rukwa, Wafipa walikuwa wakiyeyusha chuma katika matanuri ya udongo yaitwayo malungu, yenye kimo cha kama mita 3. Tanuri hilo halikuvukutwa. Hewa ilijivuta yenyewe kwa matundu ya chini. Kisha chuma kilisafishwa katika tanuri dogo lenye mivukuto, kintengwe, na mhunzi akafua majembe. Chuma cha Ulaya kilipoenea zama za ukoloni, kazi ile ikafa. Yamebaki magofu, yaliwa na mvua.

Leo yasemwa kuwa mji kama Sumbawanga, mji wa mashine za nafaka na karakana, uhuishwe kwa utamaduni wake. Ni jema. Lakini nani mwenye haki ya kupanga?

Lau mtu angetujia Lamu akatupangia Maulidi pasi na kutuuliza, tungeridhika? La hasha! Basi tusimtakie jirani tusilojitakia. Mtume (S.A.W.), naye anateremshiwa wahyi, aliwashauri masahaba zake, na rai ya handaki akaipokea kwa Salman, mtu wa Uajemi. Maana yake, mgeni mwenye elimu husikizwa, lakini ndani ya baraza, si badala ya baraza.

Atauliza mtu: kazi ile ilifungamana na dawa na mizungu, vipi Muislamu aisaidie? Jawabu ni kuwa ufundi ni kitu na uganga ni kitu kingine. Sheria huzingatia ada za watu zisipoipinga. Na wenyeji wenyewe hueleza kuwa jina Sumbawanga maana yake ni kutupa uchawi. Basi na utupwe uchawi, ushikwe ufundi. Wala tusiwafiche watoto kuwa wazee wao hawakuvitenganisha viwili hivyo. Kuhadithia si kutenda, na kuificha historia ni namna ya uwongo.

Na wakae pamoja: wazee na vijana, wake kwa waume, wa msikitini na wa kanisani. Waamue lipi lihifadhiwe, nani afundishe, na faida iende kwa nani. Urithi ni amana, na amana hurejeshwa kwa wenyewe.

Wabillahi tawfiq.